Mkate Kabla ya Safari

Masomo: 1 Wafalme 19:1–8, Mambo ya Walawi 19:9–10

Tunawakumbuka ninyi mlio nyumbani asubuhi hii mkiwasha moto wa chai, ninyi mlio barabarani kuelekea kazini, na hasa wewe uliyebaki kitandani ukisikiliza, si kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu moyo wako unakwenda mbio na huthubutu kutoka nje. Leo tungependa kusema nawe zaidi ya wote.

Katika somo letu tunamwona nabii Eliya. Jana yake alikuwa mlimani Karmeli, mtu shujaa mbele ya manabii wa Baali na mbele ya mfalme. Leo amepata ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli, na tazama, anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, naye anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mti mdogo, na anamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Huyu ni nabii, wapendwa. Huyu ndiye aliyeomba moto ukashuka. Basi asituambie mtu kwamba hofu kuu humpata tu yule asiyejua kuomba.

Tunataka kuwasimulia habari za ndugu mmoja wa ushirika wetu. Ametupa ruhusa tuseme, ila jina lake tutalificha. Anakaa upande wa Kitengela na mkewe na watoto watatu. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, na katika kwaya yetu aliimba sauti ya nne. Siku moja, akiwa kituoni akingojea matatu, moyo wake ulianza kupiga kwa nguvu, mikono ikatoka jasho, pumzi ikamkatika, akadhani anakufa. Walimpeleka hospitali, wakampima moyo, wakamwambia moyo wake ni mzima. Alirudi nyumbani akifurahi. Lakini juma lililofuata jambo lile likarudi, na likarudi tena. Ikawa akifika kituoni anaiacha matatu ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka saa ya kuingia kazini inapita. Usiku hakulala kwa kuwa aliogopa asubuhi. Baada ya miezi michache kazi ikaisha.

Alikuja kwetu. Na hapa hatuna budi kukiri mbele yenu kosa letu. Sisi tuliosoma katika chuo cha theolojia, tuliofundishwa kuwachunga kondoo, tulimwombea dakika tano, kisha tukamwambia kwamba hofu ni upungufu wa imani. Jumapili iliyofuata tulihubiri juu ya neno hilo hilo, naye alijua kwamba tunamsema yeye. Hakurudi kanisani kwa muda wa miezi saba. Tulidhani amerudi nyuma kiroho. Kumbe tulikuwa tumeufunga mlango wenyewe kwa ndani.

Aliyetuamsha ni mkewe. Alikuja nyumbani kwetu jioni moja baada ya kufunga biashara yake ya chapati, akiwa na karatasi mkononi. Akasema, "Mchungaji, daktari amesema mume wangu ana ugonjwa wa wasiwasi, na ni mkali. Amesema tunaweza kuomba aandikishwe kama mtu mwenye ulemavu. Lakini mume wangu amekataa. Anasema yeye si kiwete wala si kipofu, na kwamba watu watasema anajifanya. Naomba uje uzungumze naye, ila tafadhali usimhubirie."

Tafadhali usimhubirie! Neno hilo lilituchoma. Tulikwenda, tukaketi naye, tukamwomba msamaha. Kisha tukaanza kujifunza pamoja naye mambo ambayo tungepaswa kuyajua zamani. Tutawaeleza yale tuliyojifunza, kwa maana huenda katika nyumba yako, au katika nyumba ya jirani, karatasi kama hiyo imelala juu ya meza na hakuna anayethubutu kuijaza.

Jambo la kwanza: Mungu alianza na mwili wa Eliya.

Tazameni vizuri yale ambayo malaika hakufanya. Hakumkemea. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale. Kisha alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa na chombo cha maji. Eliya alikula akalala tena, na malaika akamgusa mara ya pili na kumlisha mara ya pili, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Sauti ya Mungu mlimani Horebu ilikuja baadaye. Kwanza ulikuja mkate.

Wasiwasi wa namna hii ni ugonjwa, ndugu zangu, kama vile pumu ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba katika watu wanne wenye magonjwa haya ni kama mmoja tu anayepata matibabu. Hapa Kenya, jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Zamani mtu akisikia neno "akili" alifikiria Mathari tu, hospitali iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1910, na aliona haya hata kulitaja jina lake. Lakini leo mgonjwa wa wasiwasi anaweza kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuna matibabu ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hufundishwa polepole kuikaribia tena ile hali anayoiogopa, na kuna dawa ambazo daktari humpimia. Kumeza dawa hiyo si kumkana Kristo, kama vile Eliya hakumkana Mungu kwa kula ule mkate.

Na mkate wenyewe je? Mtu akiwa mgonjwa hivi na kazi imekwisha, watoto watakula nini? Hapa tunaingia katika lile somo la pili.

Jambo la pili: Mungu aliweka fungu la mhitaji pembeni mwa shamba.

Katika torati Mungu alimwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembe zake za mwisho, wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Hayo yalikuwa ya maskini na mgeni. Sikilizeni vizuri: mwenye shamba hakuambiwa awape maskini kama akipenda. Nafaka ile ilikwisha kuwa yao kabla hawajafika. Ruthu, mwanamke Mmoabi, alipoingia katika shamba la Boazi hakuwa mwombaji wa njiani, wala hakuwa mwizi. Aliingia kuchukua fungu ambalo Mungu mwenyewe alilitenga. Lakini ilimbidi atoke nyumbani, aombe ruhusa, ainame mbele ya watu wasiomjua. Na Boazi, mtu wa haki, aliwaagiza vijana wake wasimwaibishe.

Katika nchi yetu ziko pembe za shamba namna hii, ingawa si pana. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itatoa hifadhi ifaayo kwa watu wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Tena ibara ya 260 inapoeleza maana ya ulemavu, haitaji mwili tu. Inataja pia upungufu au ugonjwa wa akili na wa nafsi, ikiwa unamzuia mtu kwa kiasi kikubwa, au kwa muda mrefu, kufanya mambo ya kawaida ya kila siku. Basi karani mmoja aliyemwambia ndugu yetu, "Mzee, wewe unatembea vizuri, ulemavu wako uko wapi?" alikuwa hajaisoma Katiba. Ndugu yetu aligeuka akarudi nyumbani siku hiyo bila kusema neno. Kosa halikuwa lake.

Utaratibu ni huu, kwa kifupi. Anayetaka kuandikishwa hupimwa kwanza na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Taarifa yao ikikubaliwa, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humwandikisha na kumpa kadi. Baraza hilo lilianzishwa chini ya sheria ya mwaka wa 2003, na mwaka wa 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani. Kadi peke yake haileti fedha. Lakini ni ushahidi, na hufungua milango mingine. Kwa mfano, mwenye kadi aliye na kazi anaweza kuomba asitozwe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi.

Uko pia mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba za wazee waliotimiza miaka 70, za mayatima, na za watu wenye ulemavu mkali. Hatutaki kuwadanganya. Fungu la ulemavu katika mpango huo limekusudiwa nyumba maskini yenye mtu anayehitaji kutunzwa mchana na usiku, na wengi wenye wasiwasi hawatahesabiwa humo, hata kama wanateseka sana. Tena fedha hizo mara nyingi huchelewa. Wala nchi yetu haina malipo ya kila mwezi kwa mtu asiye na kazi, kama yaliyoko Uingereza.

Lakini aliyewahi kuajiriwa asisahau NSSF. Hazina hiyo ilianza mwaka wa 1965, na fedha zilizomo ni makato ya mshahara wake mwenyewe pamoja na fungu la mwajiri. Sheria yake inamruhusu mwanachama kudai mafao akithibitishwa na madaktari kwamba ugonjwa wa mwili au wa akili umemwondolea kabisa uwezo wa kufanya kazi. Na wewe uliye bado kazini ukipambana na hofu hii, usiache kazi kwa ghafula kama alivyofanya ndugu yetu, ambaye siku moja hakwenda tu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Tena inakataza mtu abaguliwe kazini kwa sababu ya ulemavu. Ndugu yetu hakujua. Sisi nasi hatukujua, na hatukumwuliza mtu anayejua.

Pengine msikilizaji mmoja anasema moyoni, "Mchungaji, Paulo hakuwaandikia Wathesalonike kwamba asiyefanya kazi asipewe chakula?" Soma tena, ndugu. Paulo alisema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakusema juu ya mtu asiyeweza. Ndugu yetu alitaka. Aliamka saa kumi na moja asubuhi kila siku, akavaa nguo zake za kazi, akafika kituoni, na huko mwili ukamshinda. Mtu mvivu haamki saa kumi na moja ili akashindwe.

Wala mambo haya si mageni katika kanisa letu la Anglikana. Mwaka wa 1942, Uingereza ikiwa katikati ya vita, Askofu Mkuu wa Canterbury, William Temple, alitoa kitabu kidogo juu ya Ukristo na utaratibu wa jamii. Mwishoni mwa mwaka huo huo William Beveridge alitoa taarifa yake iliyoweka msingi wa malipo kwa wagonjwa na wasio na kazi katika nchi ile. Temple alishika kwamba kanisa lina wajibu wa kusema juu ya mshahara, nyumba na chakula cha watu. Hakuona kwamba kufanya hivyo ni kuiacha Injili.

Jambo la tatu: Mungu alimpa Eliya nafasi ya kusema kweli.

Kule Horebu Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini pale, na Eliya akaeleza shida yake yote. Mungu akamwuliza tena, naye akaeleza tena kwa maneno yale yale. Mungu hakumwambia, "Hayo umekwisha kuyasema." Alimsikiliza mara mbili.

Sasa tuwaambie jambo lililotupata siku ya kupimwa. Ndugu yetu alikubali kwenda, na mzee mmoja wa kanisa akamsindikiza mpaka hospitali, wakisafiri baada ya saa nne, wakati matatu hazijai sana. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili na viatu vilivyong'aa. Daktari alimwuliza, "Unaendeleaje?" Naye akajibu, kama tunavyojibu sisi sote tuliolelewa kanisani, "Niko salama kwa neema ya Mungu, daktari, Bwana asifiwe." Akaulizwa kama analala. Akasema, "Nashukuru." Akaulizwa kama anaweza kusafiri. Akasema, "Leo nimefika." Daktari akaandika yale aliyoambiwa. Wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Wapendwa, ni nani aliyemfundisha mtu huyu kusema hivyo? Ni sisi. Katika ibada zetu tumezoea ushuhuda wa ushindi. Anayesimama kusema, "Nimepona," tunampigia makofi. Anayesimama kusema, "Juma hili sikulala usiku hata mmoja," tunamtazama kwa mashaka, na kiongozi wa ibada huanzisha wimbo upesi. Basi watu wetu wamejifunza kufunika. Wamefunika mbele ya kanisa, na sasa wanafunika hata mbele ya daktari, na kwa kufunika huko watoto wanalala na njaa.

Tulipoketi naye tena alituuliza swali zito. Akasema, "Mchungaji, nikisema mabaya yangu yote, je, si kumnyima Mungu utukufu? Na siku nyingine mimi ni mzima kabisa. Nikisema mimi ni mgonjwa, je, si uongo?" Tulikaa kimya kwa muda. Kisha tulimjibu hivi, na tunawajibu ninyi hivi. Amri ya Mungu inakataza ushuhuda wa uongo. Kuongeza ugonjwa usiokuwapo ili upate fedha ni ushuhuda wa uongo, na ni kumwibia jirani aliye mhitaji kweli. Lakini kuficha ugonjwa uliopo, huo nao si ukweli. Mungu hatukuzwi na fomu iliyojazwa kwa haya. Soma Zaburi, uone jinsi watu wa Mungu walivyomlilia kwa machozi bila kuficha, na maneno yao yamo katika Maandiko Matakatifu hata leo.

Tukachukua daftari la shule la binti yake. Kwa muda wa majuma mawili mkewe aliandika kila jioni mambo yaliyotokea, si zaidi wala si pungufu. Jumatatu: alilala saa mbili tu. Jumanne: alifika mlangoni mara tatu akarudi. Jumatano: alikuwa vizuri, alitengeneza redio ya jirani. Alhamisi: simu ililia, akatetemeka, hakuweza kula mpaka jioni. Siku nzuri ziliandikwa, na siku mbaya ziliandikwa. Waliporudi kwa madaktari, mkewe alikwenda pamoja naye na daftari lile. Safari hii alipoulizwa, "Unaendeleaje?" alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, siko salama." Mkewe anasema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajamsikia akisema neno gumu kama hilo.

Tunawashauri ninyi mfanye vivyo hivyo. Andikeni mambo ya kila siku. Msiende peke yenu. Nendeni na mtu anayekaa nanyi. Chukueni barua ya daktari anayewatibu, na muweke nakala ya kila karatasi. Mkikataliwa, ulizeni sababu, na muulize kwa upole mnaweza kukata rufaa kwa nani. Kukataliwa mara ya kwanza si hukumu ya mwisho. Wala msimpe mtu awaye yote fedha za siri kwa ahadi kwamba atawapitishia fomu, kwa maana hilo ni dhambi, na mara nyingi ni utapeli pia.

Mtapenda kujua mwisho wa habari hii. Bado haujafika. Ndugu yetu ameandikishwa na amepewa kadi yake. Dai lake la NSSF halikukubaliwa, kwa sababu madaktari wanaona kwamba anaweza kupona, na ingawa jambo hilo liliumiza mfuko, tulimwambia kwamba ndilo neno zuri zaidi aliloambiwa mwaka huo. Anaendelea na dawa na mazungumzo na mshauri. Shule moja ya jirani inamwita kutengeneza mabomba na madawati, na mwalimu mkuu amekubali aanze saa nne badala ya saa moja, ili asisafiri wakati wa msongamano. Anapata fedha kidogo, na chapati za mkewe ndizo zinazoitegemeza nyumba. Wiki nyingine anashindwa kutoka kabisa. Lakini amerudi kwaya. Anakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na wote wanajua kwamba akitoka katikati ya ibada hakuna wa kumgeukia shingo.

Na hapo ndipo tunapotaka kusema na makanisa. Mungu alipomaliza kumsikiliza Eliya alimpa kazi, na alimpa Elisha wa kumtumikia. Hakumrudisha peke yake. Je, katika ushirika wenu yuko nani wa kumsindikiza mgonjwa hospitali? Nani anajua ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi? Katika kila ushirika wako mwalimu aliyestaafu, karani, muuguzi, anayeweza kusoma fomu na kuieleza kwa Kiswahili chepesi. Umoja wa Akina Mama wanajua kupeleka unga na sukari kwenye nyumba yenye msiba. Nyumba ya mtu aliyefungwa na hofu ni nyumba yenye msiba usio na jeneza. Pelekeni unga huko pia. Na nyinyi mnaofanya kazi katika ofisi hizo, mlio Wakristo, kumbukeni vijana wa Boazi. Anayeinama mbele ya meza yako hakuja kuiba, usimwaibishe.

Neno moja la mwisho kwako uliyebaki kitandani. Kama umefika mahali pa Eliya, ukaomba usiwepo tena, usiufanye usiku huu uwe siri. Mwambie mtu mmoja leo: mkeo, jirani, mchungaji, muuguzi wa zahanati. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, na ukishindwa kwenda, waombe wakupeleke. Maombi yale ya Eliya, Mungu hakuyakubali. Alimpa usingizi na mkate, kisha akampa rafiki. Na tunaamini kwamba hivyo ndivyo anavyotaka kukutendea wewe.

Tuombe.

Ee Baba wa rehema, unayejua umbo letu na kukumbuka ya kuwa sisi ni mavumbi, tunawaleta kwako wote waliokamatwa na hofu ambayo hawakuichagua. Walaze usingizi usiku huu. Wape chakula cha leo, na ujasiri wa kukidai kilicho chao bila haya na bila uongo. Wape madaktari hekima, na makarani huruma. Utusamehe sisi wachungaji tuliowahukumu badala ya kuwabeba. Na ulifanye kanisa lako kuwa kivuli jangwani, mahali ambapo aliyechoka anaweza kulala, kula, na kuinuka tena kwa safari. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye naye katika bustani alifadhaika mpaka jasho likamtoka. Amina.